Muziki wa harusi: DJ, rusha roho, kidumbak au taarab asilia?

Kamati ya harusi ikikaa, huanza na ukumbi, kisha chakula, kisha sare, kisha magari na mapambo. Muziki huja mwisho, watu wameshachoka na daftari la michango limeshafungwa, na mmoja husema, "Hapo tutafute DJ tu." Nimekaa kwenye kamati za namna hiyo Unguja na Dar es Salaam, na maneno hayo huniuma kila nikiyasikia. Miaka kumi baadaye hakuna anayekumbuka vitambaa vya meza vilikuwa rangi gani. Wapo wanaokumbuka wimbo ulioimbwa bibi harusi alipotolewa, na nani alilia.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye na shughuli mbele yake na hajui aelekee wapi. Kabla ya bei, ninataka ujiulize swali moja: wimbo huo unaimbiwa nani? Taarab ni muziki wa mlengwa. Msikilizaji anakaa, anasubiri, na ukifika mshororo unaogusa jambo lake anainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji. Ukumbi mzima unajua kwa nini ameinuka pale na si kabla. Noti ile ni jibu. Muziki usioweza kujibiwa hivyo unaweza kufaa kuchezea, lakini mama anayemtoa mwanawe anahitaji zaidi ya mdundo.

DJ, na wimbo wenye jina la bibi harusi

Nianze na DJ, maana ndiye rahisi kupatikana. Mtu mmoja, kompyuta moja, spika mbili, na kazi inaanza. Anafaa saa za usiku vijana wanapotaka kucheza, na DJ mzuri anajua kusoma ukumbi: anaona meza ya wajomba imelala, anawapigia dansi la ujana wao, nao wanaamka. Simdharau. Tatizo ni kumpa kazi isiyo yake, yaani kumwachia zile dakika nzito, bibi harusi anapoingia au mama anapomkabidhi mtoto.

Nyimbo nyingi alizonazo zimetengenezwa kwa soko la simu. Kwenye Spotify wimbo huhesabiwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, kwa hiyo watayarishaji hukimbilia kiitikio mwanzoni kabisa, kabla msikilizaji hajapeleka kidole kwenye wimbo mwingine. Wimbo uliojengwa kumzuia mtu asiondoke haujui la kufanya na mtu ambaye ameshakuja, amekaa, na ana usiku mzima.

Kuna bidhaa nyingine inayoenea: wimbo wa harusi uliokwisha kurekodiwa, unaolipia ili jina la bibi na bwana harusi lipachikwe. Zamani ilibidi mwimbaji arudi studio kuimba hayo majina mawili. Sasa kuna programu za kompyuta ambazo ukiziandikia maneno machache, wimbo mzima unatoka kabla chai haijapoa. Niliyoyasikia ya namna hiyo kwa Kiswahili yalinihuzunisha. Sauti ni safi, vinanda vimepangwa vizuri, lakini mizani inapwaya, mkazo unaangukia silabi isiyo yake, na maneno ni yale yale: ua, nyota, malkia, milele. Ukibadilisha jina, wimbo unamfaa mtu yeyote. Ndiyo maana haumfai yeyote. Kutajwa jina si kuimbwa.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Ubeti wa taarab kwa kawaida una mishororo mitatu, kila mshororo mizani kumi na sita, minane kwa minane. Huu nimeutunga kwa mfano tu, mama akimtoa binti yake:

*Mwanangu nakukabidhi, nyumba njema uingie,*
*Niliyokupa hifadhi, moyoni yakutulie,*
*Na siku ikikuudhi, kwa mamayo ukimbie.*

Hamna jina la mtu humo. Lakini mshororo wa tatu ukiimbwa ukumbini, bibi harusi anausikia kama ruhusa, mama anausikia kama kiapo chake mwenyewe, na upande wa bwana harusi unausikia kama onyo la adabu. Watu watatu wanaambiwa mambo matatu kwa mizani kumi na sita. Shangazi atakayeinuka na noti hapo ameshachagua la kusema, na hatalazimika kufungua mdomo.

Lakini nisikosee kulaumu mashine kwa kuwa ni mashine. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, binti wa Fumba, Unguja, aliyeanza maisha yake kijijini, alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri. Biashara ile ilikuwa ya kiwanda kama ilivyo ya leo. Santuri za wakati ule zilichukua dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo zilizozoea kuendelea kadiri wasikilizaji walivyotaka zilibidi zikatwe. Hata hivyo ukizisikiliza leo, kwenye mikwaruzo yote ile, unasikia mtu anayezungumza na mji wake. Aliimba juu ya dhuluma na juu ya kesi zilizokuwa zikizungumzwa barazani. Alimwimba mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara. Waliozinunua santuri walijua anamsema nani. Kiwanda hakikuua moyo wa wimbo, kwa sababu moyo uliingia kiwandani ukiwa umeshakamilika.

Basi kama ni DJ, mpe santuri kama hizo za kupigia wakati wa chakula, na zile dakika nzito zitafutie mwimbaji.

Rusha roho

Hapa wapenzi wengi wa taarab ya zamani hukunja uso. Mimi sikunji. Taarab ya kisasa, ndiyo rusha roho, ilipozuka kwa nguvu Dar es Salaam miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vikishindana, watu walijaa kumbi kumsikia Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule wakipashana. Kopa mwenyewe alitoka Culture Musical Club ya Unguja, shule ya taarab ya kukaa na kusikiliza, kwa hiyo hakuja kuvunja kitu asichokijua. Kilichobadilika ni ala na miguu. Kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya fidla, magitaa yakaingia, mdundo ukakazwa, na wanawake waliokuwa wakitikisa mabega vitini wakasimama wakacheza.

Mlengwa hakupotea. Alisogezwa karibu zaidi. Mipasho ni wimbo wenye anwani kuliko wimbo wowote. Wanaosema haina adabu wana hoja yao, ila hawawezi kusema haina moyo. Nimeona mwanamke aliyekuwa kimya shughuli nzima akiinuka kwenye ubeti mmoja, akaweka noti moja moja kwenye paji la uso la mwimbaji, polepole, macho kwenye meza ya pembeni, akarudi kukaa. Alikuwa amesema yote aliyokuja kusema.

Kinachoiharibu siku hizi ni pleibeki. Kikundi kinachukua pesa ya kikundi, kinaleta mwimbaji mmoja, wachezaji wawili na mtu wa kubonyeza. Wimbo unakwenda kwa urefu uliorekodiwa. Hata kama ukumbi umechemka na watu wamepanga foleni ya kutunza, hauwezi kurudia mshororo, hauwezi kumsubiri mama mtu mzima anayetembea taratibu kutoka meza ya nyuma. Nilishuhudia hivyo kwenye harusi ya jamaa zangu: bibi yake bibi harusi alifika mbele wimbo umekwisha, akabaki amesimama na noti yake. Mwimbaji alikuwa mzuri. Hakuwa na watu wa kumwambia "rudia hapo."

Kwa hiyo ukienda kuzungumza na kikundi, bei iache kwanza, uliza haya: wanakuja wangapi, nani anapiga kinanda, nani anapiga besi, na je, wataimba mubashara usiku mzima au nusu tu? Waandike kwenye makubaliano. Uliza pia wimbo upi hawatauimba. Mipasho iliyotungwa kwa ugomvi wa mtu mwingine inaweza kuwasha moto kati ya familia mbili zilizokutana juzi, na mshereheshaji hana maji ya kuuzima.

Kidumbak

Ukiniuliza moyo wangu uko wapi, uko hapa.

Kidumbak hakitaki jukwaa. Kinataka uwanja, mkeka na watu. Wapigaji ni watano au sita. Kuna fidla moja. Kuna vidumbak viwili, ngoma ndogo za udongo zilizowambwa ngozi, ambazo hupashwa kwenye moto wa makuti au karatasi mpaka ngozi ikaze na sauti itoke kali. Kuna mkwasa, vijiti viwili vifupi vinavyogongwa, na kuna cherewa za kutikisa. Na kuna sanduku, ambalo ningekuomba ulitazame kwa karibu siku utakayolipata: sanduku la mbao lililogeuzwa juu chini, mti umesimamishwa kandoni, kamba moja imefungwa kutoka ncha ya mti hadi katikati ya ubao. Mpigaji anaweka mguu juu yake lisiruke. Akiuvuta mti nyuma kamba inakaza na sauti inapanda, akiuachia inashuka. Kamba hiyo moja inafanya kazi ya besi nzima, na sauti yake unaisikia tumboni kabla ya masikioni.

Mwimbaji wa kidumbak haji na orodha. Anaunganisha beti, hii ya wimbo huu, ile ya wimbo ule, bila kusimama, na anachoangalia ni mlangoni. Nani kaingia? Wifi? Basi ubeti wa mawifi. Jirani aliyesema harusi haitafanyika? Naye ana wake. Ngoma ikikolea, wanawake wanaingia katikati na kucheza, fidla inawafuata, na mzunguko unaweza kwenda saa nzima bila mtu kujua wimbo wa kwanza uliishia wapi.

Ukilinganisha na rusha roho, kidumbak ni rahisi kukibeba na kukilisha: watu sita wanaingia kwenye gari moja, na umeme ukikatika hakuna anayeshtuka. Ukikilinganisha na DJ, gharama huenda zikakaribiana kuliko watu wanavyodhani, hasa kama wapigaji ni wa mtaa au kijiji kilicho karibu. Udhaifu wake ni ukumbi mkubwa wenye viyoyozi na meza za duara. Humo kidumbak hunyong'onyea. Vipaza sauti huimeza fidla, vijiti vinasikika kama kelele, na wapigaji wanakaa mbali mno na wachezaji hata hawaonani usoni. Kiweke kwenye kesha, uani, usiku wa kabla ya ndoa, wageni wakiwa bado ni ndugu na majirani. Usikihamishie hotelini kwa ajili ya picha.

Taarab asilia

Sasa kundi zima: fidla zimepangwa mstari, akodioni, nai (filimbi), udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa), dumbak, rika (tari ndogo), sidebesi nyuma, na waitikiaji. Unguja ina vikundi viwili vikongwe, Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 na Culture Musical Club ya 1958. Masimulizi ya muziki huu huanzia kwa Sultani Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Kwa miongo mingi wapigaji walichukua sauti za nyimbo za Kimisri wakazitia maneno ya Kiswahili.

Nalisema hilo kwa sababu wapo wanaodhani sanaa ya kweli ni ile isiyoazima. Mombasa, marehemu Juma Bhalo aliimba kwa sauti za nyimbo za filamu za Kihindi, na mashairi mengi aliyoimba yalitungwa na binamu yake Ahmad Nassir. Sauti ilikuwa ya kuazima, lakini neno lilikuwa la Mvita, na watu walitoka mbali kulifuata. Usikikatae kikundi kwa sababu umetambua wanakochota sauti za nyimbo zao. Sikiliza wamesema nini kwa sauti hizo.

Kikundi asilia hufungua kwa bashraf, kipande cha ala tupu, watu wakitafuta viti vyao. Kisha mwimbaji anatoka, na wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa. Kati ya beti, ala zinazungumza. Ukikaa karibu na mpiga kanuni utaona vidole vya shahada vimevishwa pete, kila pete imebana kirisha chembamba, navyo vinatembea juu ya nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Mkono wa kushoto huacha nyuzi ghafla, unainua vijichuma vidogo pembeni, sauti inapanda kidogo sana, chini ya nusu toni, na unarudi kabla hujajua umeondoka. Kinanda cha umeme kinaweza kuigiza hiyo sauti. Hakiwezi kusita, na kusita kule ndiko kunakomfanya mtu aseme "Allah!" bila kukusudia.

Gharama ni kubwa. Kikundi kikitimia ni zaidi ya watu ishirini, na kama shughuli iko Dar ongeza nauli za boti kwenda na kurudi, chakula na pa kulala. Zaidi ya pesa, inadai wageni walio tayari kukaa. Ukiwaalika watu mia sita, nusu yao wakisubiri kuku, utaidhalilisha taarab na wageni utawachosha. Nimeona vikundi vizuri vikipigishwa kwenye chakula cha jioni cha hoteli, watalii wakila, wimbo umekatwa dakika nne, hakuna anayeelewa neno, hakuna anayetunza. Wapigaji ni wale wale, ala ni zile zile, na bado hamkuwa na kitu. Ndiyo sababu sisemi "chukua asilia" kama jibu la kila kitu. Umri wa ala si dawa.

Pa kupatia kikundi kidogo cha mtindo huo bila kubeba watu ishirini papo. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimetoa vijana wengi wanaopiga udi, kanuni na fidla kwa kusomea, na wanne au watano kati yao wanatosha sebule kubwa au bustani. Kama shughuli ni ya wanawake watupu na familia haitaki wapigaji wanaume, wapo Tausi, kikundi cha wanawake kilichoasisiwa na Maryam Hamdani, ambao wanapiga ala wenyewe. Kwa Mombasa na Lamu, udi mmoja na ngoma mbili ndio umbo la siku nyingi, na kwa shughuli ya watu mia moja ni bora kuliko kikundi kikubwa cha kuagiza.

Kabla ya kuweka malipo ya awali nenda ukawasikilize wakifanya mazoezi, jioni, kama wanavyofanya vikundi vya Unguja. Omba ruhusa kwanza, kaa nyuma, usirekodi bila kuuliza. Kwenye mazoezi ndipo utaona kama wanasikilizana. Video walizokutumia kwa simu hazitakuonyesha hilo.

Mimi ningefanya hivi

Kama pesa ipo ya kitu kimoja tu na shughuli ni ya nyumbani, ningechukua kidumbak cha kesha na kuuacha ukumbi kwa DJ. Kama ni sherehe ya wanawake ukumbini, rusha roho mubashara, kikundi kidogo chenye mpiga kinanda hodari, kuliko jina kubwa la pleibeki. Taarab asilia ningeiweka kwenye shughuli ndogo, ya wazee na wanaoipenda, hata kama ni siku nyingine ya harusi hiyo hiyo, na ningezima televisheni za ukumbini.

Aliye Muscat au London, ambako kikundi hakipatikani, asikimbilie wimbo wa jina. Watafute watu wawili: anayejua kutunga na anayejua kuimba. Kila jumuiya yetu huko inao, mara nyingi ni yule mama anayesoma maulidi au mzee aliyewahi kupiga fidla ujanani.

Na popote ulipo, hata ukichukua DJ peke yake, tenga fungu la mtunzi. Mlipe kabla ya shughuli, kama unavyomlipa mpishi. Mpelekee habari angalau wiki mbili mbele, wala usimpelekee majina tu. Mwambie bibi harusi amelelewa na nani, nani hayupo ambaye angependa kuwepo, familia zilikubaliana vipi, na lipi lisitajwe kabisa. Akuletee beti sita au saba. Zisome kwa sauti mbele ya mama wa bibi harusi kabla mwimbaji hajazishika. Ubeti atakaokuomba uurudie ndio uwekwe mwisho, na mwambie mwimbaji asiuache mpaka watu wote waliokwenda mbele wawe wamefika.